Mwandishi Aliyejichapishia na Lango la Shule: Kitabu cha Kiswahili Kutoka Tanga Hadi Kabuchai

Kabuchai ni jimbo la uchaguzi katika Kaunti ya Bungoma, Magharibi ya Kenya, chini ya miteremko ya Mlima Elgon. Wenyeji wake walio wengi ni Wabukusu. Nyumbani hunenwa Lubukusu. Katika soko la Chwele, ambako wachuuzi na wanunuzi wa makabila mbalimbali hukutana, Kiswahili huingia. Na shuleni Kiswahili hufundishwa na kutahiniwa. Kutokana na mgawanyo huo wa kazi baina ya lugha, kitabu cha Kiswahili hakifiki Kabuchai kwa njia zile kinazofikia Mombasa au Dar es Salaam. Katika miji hiyo ya pwani mtu mzima aweza kununua riwaya kwa mwuza magazeti, akaisoma safarini, akamwazima jirani. Kabuchai kitabu cha Kiswahili aghalabu huingia nyumbani ndani ya mkoba wa mwanafunzi, na kikiisha kutahiniwa hupewa mdogo wake au huuzwa tena kwa nusu ya bei.

Hali hiyo huifanya Kabuchai kuwa mahali panapofaa pa kulitazama upya suala ambalo wanahistoria wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulipita kwa haraka, yaani suala la mwandishi aliyejichapishia kazi zake mwenyewe akashindana na wenzake waliochapishwa na majumba yanayojulikana. Kwa kawaida suala hili huzungumzwa kama suala la ubora: husemwa kuwa jumba huchuja na soko halichuji, basi kilichotoka nje ya jumba ni makapi. Makala haya yanadai kwamba historia haiungi mkono rai hiyo. Katika Afrika ya Mashariki ushindani huo umeamuliwa hasa na lango la shule, na jambo lililobadilika toka kipindi hadi kipindi ni mikono iliyoushika ufunguo wa lango hilo.

Lango lenyewe lilijengwa mapema. Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, ikiwa na jukumu la kusanifisha Kiswahili katika Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuisoma miswada iliyokusudiwa shule na kuidhinisha lugha yake. Mwandishi ambaye Kiswahili chake hakikuafikiana na usanifu uliokubaliwa alirekebishwa, au aliachwa nje. Mwaka 1948 ikaanzishwa East African Literature Bureau, chini ya uongozi wa Charles Richards, ili iwachapishie Waafrika vitabu, iwashauri waandishi na kueneza usomaji. Wema wa shirika hili usipuuzwe. Bila ya shindano lake la uandishi pengine Muhammed Said Abdulla hangeipata njia ya kuitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, wala Muhammad Saleh Farsy Kurwa na Doto katika mwaka uo huo. Lakini shirika la serikali lina mipaka ya serikali. Lilichapisha kile lilichoona kinamfaa msomaji Mwafrika, na msomaji huyo lilimwona kwanza kama mtu anayefundishwa.

Katika mazingira hayo ndipo tunapomkuta Shaaban Robert. Aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akawa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alikuwa tayari na jina kubwa kufikia miaka ya 1950. Pambo la Lugha lilitoka Afrika Kusini mwaka 1948, kwa matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kusadikika ilichapishwa na Nelson mwaka 1951 na Adili na Nduguze na Macmillan mwaka 1952. Yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili. Kama kuna mwandishi wa Kiswahili wa zama hizo ambaye milango ya majumba ingestahili kumfungukia bila ya kubisha, ni huyu. Hata hivyo Kufikirika, aliyoiandika katika miaka ya 1940, ilichapishwa na Oxford mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi kubwa kuliko zote alizotunga kwa nudhumu, nao ulitokea mwaka 1967.

Jambo hili huelezwa katika vitabu vya historia ya fasihi kana kwamba ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Lakini litazamwe kwa upande wa mwandishi. Karani mwenye mshahara mdogo anaandika miswada mitano, sita, saba. Jumba moja liko London, jingine liko Johannesburg. Barua huchukua majuma na jibu huchukua miaka. Mwandishi hawezi kuuharakisha mswada wala kuutoa kwa mtu mwingine bila ya kuanza safari upya. Ndiyo maana inafaa kuyatilia maanani matoleo mawili madogo yaliyotoka mjini Tanga mwishoni mwa maisha yake: Insha na Mashairi ya mwaka 1959 na Almasi za Afrika ya mwaka 1960. Vitabu hivyo havina jina la Nelson wala la Macmillan. Vimebeba jina la Art and Literature, Tanga. Mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili, akiwa katika kilele cha sifa yake, aliona heri kutoa vitabu nyumbani kuliko kungoja. Wahakiki waliojaza kurasa nyingi juu ya falsafa yake ya utu na adili hawakulipa tendo hili hata kurasa mbili. Na bado ni tendo la kifasihi sawa na ubeti wowote.

Wakati Shaaban Robert akingoja majibu ya majumba, katika nyanda za juu za Kenya kulikuwa na karani mwingine ambaye hakungoja. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921, alitumikia jeshini wakati wa Vita Kuu vya Pili, na vita vilipokwisha akaanza kutunga na kutoa vijitabu vyake mwenyewe. Kijitabu chake cha kwanza kwa Kikuyu, juu ya mambo ya uchumba, kilitoka mwaka 1946. Pamoja na wenzake aliunda kampuni ya waandishi wa Kiafrika, na akaishi kwa muda katika Bonde la Ufa, miongoni mwa vibarua na makarani wa mashamba ya walowezi. Kwa wasomi wa Kiswahili kuna kijitabu chake kimoja kinachostahili kutajwa hapa: Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, kilichotoka kabla ya hali ya hatari. Jina lenyewe laonyesha kilihutubia nani. Mkikuyu aliyekuwa na wasomaji wa lugha yake hakuwa na haja ya kuandika Kiswahili, ila alipotaka kusomwa na mfanyakazi asiyekuwa Mkikuyu.

Hapa historia yakaribia Kabuchai. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na wilaya ya Trans Nzoia ikawa nchi ya mashamba makubwa ya mahindi yaliyomilikiwa na Wazungu. Wabukusu wengi walihamia huko kama vibarua na maskwota, wakakutana na Waluhya wengine, Waturkana, Wanandi na Wasabaoti. Kiswahili kilikuwa lugha ya shamba: lugha ya nyapara, ya duka la Mhindi, ya gulio. Hakikuwa lugha iliyopendwa sana, wala hakikuwa sanifu. Lakini kilikuwa lugha ambamo Mbukusu na Mturkana waliweza kuzungumza juu ya ujira. Upande wa nyumbani, mambo ya maandishi yalikuwa na shida zake. Kamati ya lugha ya Kiluyia iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilijaribu kuyaunganisha maandishi ya lahaja nyingi chini ya tahajia moja, na Wabukusu walikuwa miongoni mwa walioona kuwa sauti zao hazikutendewa haki. Basi msomaji wa Bungoma aliyehamia Kitale alikuwa na lugha ya nyumbani ambayo tahajia yake ilikuwa bado yabishaniwa, na lugha ya shamba ambayo vitabu vyake viliandikwa kwa ajili ya darasa. Kijitabu kama kile cha Gakaara kilijaribu kupita katikati. Serikali iliielewa hatari hiyo kuliko wahakiki walivyoielewa thamani yake: Oktoba 1952 mwandishi alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi karibu na mwisho wa muongo.

Baada ya uhuru Gakaara aliendelea na kazi ya uchapaji mjini Karatina, akitoa vitabu na jarida lake la Gĩkũyũ na Mũmbi. Kisha yakatokea yaliyo ya kufikirisha. Mwaka 1984 alitunukiwa Tuzo ya Noma kwa kumbukumbu zake za kizuizini, na kumbukumbu hizo zilikuwa zimetolewa na Heinemann. Takriban miaka arobaini ya kujichapishia haikumpatia kutambuliwa na ulimwengu wa wasomi; kitabu kimoja chenye nembo ya jumba kilimpatia. Haina maana kuwa tuzo ilikosea. Maana yake ni kwamba macho yanayotunuku yaliangalia kwanza nembo.

Kipindi cha miaka ya 1970 na ya 1980 kimeandikwa sana, hivyo hapa kitapitiwa kwa ufupi. Nairobi, David Maillu alianzisha Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970, akatoa vijitabu vya Kiingereza vya bei nafuu, miongoni mwavyo My Dear Bottle na After 4.30, ambavyo makarani na makatibu waliviweka mifukoni. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake. Dar es Salaam, Elvis Musiba alichapishiwa Kufa na Kupona na East African Literature Bureau mwaka 1974, kisha akahamisha riwaya za Willy Gamba kwenye jumba lake mwenyewe, Continental Publishers. Akina Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa nao walishika njia ya kutoa vitabu kwa majumba waliyoyaunda wao wenyewe. Inachekesha kidogo kuwa katika nchi ambayo Azimio la Arusha la 1967 liliifanya kujitegemea kuwa neno la kila mkutano, waandishi waliojitegemea ndio walioshutumiwa kwa kuiga ubepari, ilhali shirika la umma la uchapishaji, Tanzania Publishing House, lilianza mwaka 1966 likiwa na hisa za Macmillan.

Shutuma hizo zilitoka vyuoni. Nchini Kenya, Chris Wanjala, mhakiki aliyetoka pande hizi hizi za Magharibi, alikuwa mstari wa mbele katika kuikemea fasihi pendwa, na kitabu chake The Season of Harvest cha mwaka 1978 ni ushahidi wa hasira ya kizazi kizima cha wahadhiri. Hasira hiyo ilikuwa na haki yake. Vijitabu vingi vya wakati huo vilichapwa vibaya, vikiwa na makosa katika kila ukurasa, na wahusika wa kike waliundwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Lakini wahakiki walichanganya mambo mawili: namna kitabu kilivyochapishwa na namna kilivyoandikwa. Son of Woman ya Charles Mangua ilitolewa na East African Publishing House mwaka 1971, jumba la heshima kamili, na haikuwa na staha kuliko kazi za Maillu. Kufa na Kupona haikupata dosari mpya kwa sababu tu ndugu zake walizaliwa katika jumba jingine. Musiba, aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha wafanyabiashara nchini Tanzania, alielewa jambo ambalo wahakiki hawakulielewa: kama shule hazikununui, inakubidi ununuliwe na mtu mwenye pesa yake mwenyewe, na mtu huyo hapendi kufundishwa.

Njia hii ya barabara, ya kituo cha mabasi na ya mwuza magazeti, ilikuwa na mwisho wake. Ilifuata mshahara. Palipokuwa na makarani wengi, vitabu viliuzwa. Palipokuwa na wakulima wanaolipwa mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, havikuuzwa. Kwa hiyo Bungoma na viunga vyake hawakupata Maillu wala Musiba wao. Walichopata ni mtaala.

Mfumo mpya wa elimu wa Kenya ulianzishwa mwaka 1985, na ndani yake Kiswahili kilifanywa somo la lazima hadi kidato cha nne. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Ni vigumu kutia chumvi katika kueleza uzito wa uamuzi huu kwa historia ya kitabu cha Kiswahili. Kwa siku moja, kila mtoto wa sekondari wa Kabuchai, wa Kimilili, wa Kitale, akawa msomaji wa riwaya, tamthilia na hadithi fupi za Kiswahili, atake asitake. Kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa kiliweza kuuzwa kwa miaka mitano au sita mfululizo katika kila shule ya nchi. Kitabu ambacho hakikuteuliwa, hata kiwe kizuri namna gani, kilibaki na wasomaji wachache waliokuwapo zamani. Hivyo pengo kati ya waandishi lilikuwa kubwa kuliko pengo lolote lililokuwapo kati ya jumba na mwandishi binafsi. Waandishi wawili wa jumba moja waliweza kutengwa na orodha hiyo kama tajiri na maskini.

Ken Walibora ndiye mwana wa lango hili. Alizaliwa Bungoma, akakulia pande za Kitale, na riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitolewa na Longhorn mwaka 1996. Hakuna Mswahili wa pwani ambaye angeipanga safari ya hadithi hiyo namna ilivyopangwa: shujaa wake anaondoka Tanga, mji wa Shaaban Robert, na kwenda hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kwa miaka mingi fasihi ya Kiswahili ilikuwa imefundishwa bara kama kitu kinachotoka pwani. Katika riwaya hii pwani yenyewe inakwenda bara kuulizia nasaba. Watoto wa Bungoma waliokuwa wakisoma majina ya mitaa ya Unguja na Mombasa walikuta jina la mji wanaoufahamu. Ndoto ya Amerika ikafuata mwaka 2001, na Kufa Kuzikana mwaka 2003. Haya yote yalipitia jumbani, na jumba listahili sifa yake. Siku Njema ni kitabu kilichohaririwa, kikauzwa na mawakala, kikafika mahali ambapo mwandishi kijana wa Kitale hangekifikisha kwa miguu yake.

Lakini orodha za vitabu vilivyotahiniwa zikisomwa kwa makini, hadithi ya jumba na soko huanza kufumuka. Katika kipindi kilichokwisha mwaka 2012, wanafunzi wa Kenya walisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa na Longman mwaka 1980, pamoja na tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Tamthilia hiyo ya mwaka 2001 ilitolewa na Marimba Publications, na Marimba ni jumba la Kithaka mwenyewe. Kutoka humo zilitoka pia diwani zake Mchezo wa Karata na Bara Jingine na tamthilia zake Natala na Maua Kwenye Jua la Asubuhi. Katika kipindi kilichofuata, tangu mtihani wa 2013 hadi ule wa 2017, watahiniwa walisoma Kidagaa Kimemwozea ya Walibora, iliyotolewa na Target Publications, pamoja na tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya, iliyotolewa mwaka 2009 na Vide-Muwa. Nalo Vide-Muwa ni jumba lililoasisiwa na Kyallo Wadi Wamitila, mwandishi wa Nguvu ya Sala na Bina-Adamu!, ambaye baadaye alilitumia kutoa Kamusi Pevu ya Kiswahili mwaka 2016.

Yaani kwa zaidi ya miaka kumi, kila mtoto wa kidato cha nne kutoka Kabuchai hadi Lamu alitahiniwa katika tamthilia iliyotoka katika jumba la mwandishi. Yule aliyejichapishia, aliyedharauliwa na wahadhiri wa miaka ya 1970, alikuwa ameingia langoni kwa heshima zote. Tena katika mfano wa Vide-Muwa alikuwa amefanya zaidi: jumba lililoanza kama nyumba ya kazi za mwasisi wake lilikuwa sasa linatoa kazi za wengine, kama majumba yote yalivyofanya hapo awali. Mstari uliochorwa baina ya mwandishi huru na mchapishaji ni mstari wa umri tu kuliko wa asili.

Ila ni lazima iulizwe ni nani hasa aliyeingia. Kithaka wa Mberia na Wamitila ni wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wana mishahara ambayo haitegemei mauzo ya kitabu. Wanafunzi wao ndio walimu wa Kiswahili katika shule za sekondari. Wenzao ndio wanaoalikwa kushauri juu ya mitaala. Majina yao yamo katika vitabu vya nadharia ambavyo mwalimu alivisoma chuoni. Hakuna haja ya kudhania hila yoyote ili kueleza kufanikiwa kwao, na kazi zao zastahili kusomwa. Kifo Kisimani ni tamthilia yenye nguvu juu ya utawala wa mabavu, na ingestahili nafasi yake popote ilipochapwa. Hata hivyo heshima iliyokuwa ikitolewa zamani na nembo ya jumba sasa ilitolewa na cheo cha chuo. Ufunguo ulikuwa umehama kutoka kwa mhariri wa London hadi kwa mkurugenzi wa shirika la serikali, na kutoka hapo hadi kwa mhadhiri. Mwandishi asiye na kimoja cha vitu hivyo, yaani mwalimu wa msingi, katibu wa chama cha ushirika, mhubiri, mkulima mwenye mswada, yuko pale pale alipokuwa Shaaban Robert mwaka 1950, tofauti ikiwa kwamba barua hujibiwa upesi zaidi.

Hesabu yenyewe ni rahisi na kali. Katika uchapaji wa zamani wa bamba, gharama ya kutayarisha mabamba ni ile ile, ziwe nakala mia moja au elfu tatu. Mwandishi binafsi alilazimika ama kuchapa nakala nyingi kwa fedha ya mkopo, ama kuchapa chache kwa bei ambayo hakuna mzazi angeilipa. Jumba lilibeba gharama hiyo, likampa mwandishi mrabaha ambao kwa desturi ulikaribia asilimia 10 ya bei, na mwandishi alilalamika kwa haki, lakini hakuuza ng'ombe. Mashine za kidijitali zimelibadili hilo: leo yawezekana kuchapa nakala hamsini mjini Bungoma au Eldoret kwa bei inayovumilika. Kilichobaki kigumu ni baada ya kuchapa. Nakala hamsini huuzwa harusini, kanisani, katika mkutano wa walimu, na katika shule ambayo mwalimu mkuu wake ni rafiki. Nakala ya hamsini na moja haina pa kwenda. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kuagiza vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, na duka la vitabu la mji mdogo, ambalo lilikuwa likiishi kwa mauzo ya Januari, likapoteza riziki yake. Kusudio lilikuwa kupunguza bei na kuzuia ufisadi, na katika hayo yapo mafanikio. Lakini duka hilo ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo mwandishi wa kienyeji angeweza kuacha nakala tano juu ya meza ili ziuzwe kwa niaba yake. Hakuna sera iliyoandikwa dhidi yake. Aliondolewa meza tu.

Kwa wasomi wa lugha kuna hasara nyingine, nayo yahusu elimu yetu wenyewe juu ya Kiswahili. Kiswahili cha Trans Nzoia na Bungoma kimeelezwa mara nyingi kwa mifano iliyokusanywa mdomoni, na mara chache sana kwa maandishi ya wenyeji, kwa sababu maandishi yaliyo maktabani yamepita mikononi mwa wahariri waliokisanifisha. Kitabu kilichochapwa na mwandishi mwenyewe, pamoja na makosa yake yote, huhifadhi mapatano ya vitenzi, methali zilizotafsiriwa kutoka Lubukusu na maneno ya shamba ambayo mhariri wa Nairobi angeyafuta kwa kalamu nyekundu. Mtafiti wa isimujamii angelipa ghali kwa shahidi wa namna hiyo. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, kiko karibu sana na Kabuchai. Wanafunzi wake wa Kiswahili huandika tasnifu juu ya Utengano na Kidagaa Kimemwozea, riwaya ambazo tayari zina maandiko ya kutosha juu yake, na huenda wakapita sokoni Chwele bila ya kuuliza kama kuna mtu aliyechapa chochote.

Kawaida hii ya kutoona imeanza zamani. Mwaka 1967 Nelson walitoa Insha na Mashairi ya Shaaban Robert, na toleo hilo ndilo lililoingia maktabani, likanukuliwa na kufundishwa. Katika tasnifu nyingi kitabu hicho hutajwa kwa mwaka 1967, kana kwamba maiti aliandika. Toleo la Tanga la 1959, lililotoka mwandishi angali hai, hutajwa na wachache.